Tezi Imelala

Chai ilimiminwa saa kumi na mbili na robo asubuhi, kama kawaida, ikafunikwa kwa kisosi. Koplo hakupenda kunywa chai ya moto mwili ukiwa bado unatoka jasho, na mumewe alikuwa ameshajifunza: ukiimimina robo saa kabla hajarudi, ataikuta inanyweka. Kabla ya hapo asingeigusa hata angekuwepo. Alikuwa amemeza dawa yake saa kumi na moja na nusu kwa maji matupu, na kliniki walimkataza chai mpaka saa nzima ipite. Saa hiyo ya kusubiri ndiyo aliyoitumia uwanjani.

Saa kumi na mbili na nusu ilipita. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa barazani akimalizia mapindo ya suruali za shule. Siku nyingine zote za wiki tatu zilizopita alikuwa akienda na mkewe uwanjani, filimbi shingoni, saa mkononi. Jumatano hiyo hakwenda kwa sababu suruali kumi na mbili zilitakiwa asubuhi hiyohiyo.

"Baba, Mama bado?" binti yao aliuliza kutoka mlangoni, kitana kimenasa kwenye nywele.

"Anaongeza mizunguko. Keshokutwa ndiyo jaribio."

"Chai itakuwa maji."

"Itapashwa. Chai haina miguu, haiendi popote."

Saa moja kasorobo binti alitoka hadi njiani, akatazama huku na huku, akarudi. Saa moja kamili akaingia mzee anayefagia uwanja, ufagio bado mkononi. Hakusalimia. Alimtazama fundi, kisha akautazama mguu wake ulivyokuwa ukikanyaga pedali, akasubiri mpaka cherehani ikasimama.

"Fundi, twende. Chukua na shuka."

"Shuka ya nini?"

Mzee aliuegemeza ufagio ukutani polepole, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika.

"Wewe chukua tu," alisema.


Wiki sita nyuma, hakuna mtu nyumbani hapo aliyekuwa na habari ya tezi. Walichojua ni kwamba Koplo anachoka.

Koplo alikuwa mlinzi wa geti katika kiwanda cha magodoro. Cheo chake kilikuwa kimemganda hadi mtaani. Hata wauza mboga walimwita hivyo, na mumewe alimwita Afande alipotaka kumchekesha. Kila mwaka kampuni ya ulinzi iliwapeleka walinzi wake uwanjani: mizunguko sita, dakika kumi na tano. Anayeshindwa anarudia baada ya wiki sita. Akishindwa tena, anavua sare. Miaka kumi na saba Koplo alikuwa akimaliza katikati ya kundi, hana makuu, hana aibu.

Mwaka huu, katika mzunguko wa tatu, miguu ilikuwa mizito kama amevaa viatu vya udongo mbichi. Katika wa nne akaanza kutembea. Mkuu wa walinzi alisimama kwenye mstari wa kumalizia na karatasi yake ya majina.

"Koplo! Unakimbia, au umeangusha kitu unakitafuta?"

Wenzake waliokwisha maliza walicheka, si kwa ubaya, ni kwa sababu mkuu alitaka wacheke. Kisha akamwambia akae kwenye benchi awashikie wenzake kofia wakati wa mazoezi ya viungo. Alikaa na kofia kumi na nne mapajani, mchana kweupe, jua kali, naye anasikia baridi.

Jioni alimweleza mumewe huku akivua shati la sare.

"Walikuacha sana?" fundi aliuliza.

"Waliniacha mpaka nikasahau kama nilikuwa nao."

Fundi alilichukua shati. Aliujua mwili wa mkewe kwa inchi. Mwaka huo alikuwa ameshafumua na kuitanua suruali yake mara mbili. Na miezi michache nyuma, Koplo alipolalamika kwamba kola inambana, alimpima shingo: kumi na nne ilikuwa imekuwa kumi na tano na nusu. Kiuno kinatanuka kwa kila mtu, lakini shingo? Alishangaa kidogo, kisha akakisogeza kifungo. Kazi ya dakika tatu. Alikuwa anapiga mluzi.


Kliniki walichukua damu, na siku ya tano wakaitwa wote wawili. Daktari aliandika dawa, akaondoka. Aliyekaa nao kuwaeleza ni sista, mwanamke mnene mwenye saa kubwa ya kiume mkononi.

"Mama, tezi yako imelala."

Fundi alisogea mbele kwenye kiti. "Samahani, Sista. Tezi si ya wanaume?"

"Hiyo ni tezi dume, Baba. Hii iko hapa." Aligusa koo la Koplo kwa vidole viwili. "Kila mtu anayo, hata wewe. Ndiyo inayouambia mwili uende haraka au polepole. Yake imelala, ndiyo maana anasikia baridi, sauti inakwaruza, anaongezeka uzito hata akila kidogo. Umeona hapa palivyovimba?"

Fundi aliona. Alikuwa ameona kabla ya wote.

"Kumbe si kula," Koplo alisema, akimgeukia mumewe.

"Mimi sikusema kula."

"Ulisema mkate."

"Nilisema ule mmoja wa juzi, Afande. Usinishtaki mbele ya watu."

Sista alicheka, akawaonyesha pakiti ya vidonge. Nusu kidonge kila alfajiri, tumbo tupu, chai ikae mbali kwa saa nzima. Arudi baada ya wiki sita wapime tena damu. "Na usijiongezee. Dawa hii inaiamsha tezi taratibu. Ukiivamia, moyo ndio utakaoumia."

"Nina jaribio la mbio kabla ya hizo wiki sita," Koplo alisema.

Sista aliweka kalamu chini.

"Mbio hapana. Tembea nusu saa kila siku. Kipimo chake ni mdomo. Ukiwa unatembea huku unaongea na mwenzako vizuri, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Mwili kama wako ukikimbizwa kila siku unadhani uko hatarini. Unamwaga homoni za kukimbilia usalama, zile nyingine unazibana. Usingizi unapotea, siku zako zinavurugika, na tezi yenyewe inazidi kusinzia. Umenielewa, Mama?"

"Nimekuelewa. Lakini nikishindwa, navua sare."

"Basi nakuandikia barua. Wakuahirishie miezi mitatu."

Aliiandika hapo hapo, akaipiga muhuri. Koplo akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, ule wenye zipu.

Njiani fundi alirudia neno moja tu kati ya yote yaliyosemwa. "Imelala," alisema. Baada ya hatua kadhaa akasema tena, amechangamka, "Imelala tu. Hakusema imekufa."


Wiki mbili za kwanza Koplo alitembea na bintiye. Binti alikuwa na miaka kumi na sita na alilichukulia neno la sista kama amri ya mahakama. Kazi yake ilikuwa kumwongelesha mama.

"Mama, niambie kitu kirefu."

"Kirefu kama nini?"

"Chochote. Mradi kisiishe kabla hatujafika kwenye nguzo."

Ndipo Koplo akamweleza jinsi alivyomzuia mkurugenzi wa kiwanda getini kwa sababu hakuwa na kitambulisho, mkurugenzi akasimama kwenye mvua dakika nane nzima, na kesho yake akamletea mwavuli. Alimweleza jinsi alivyomkataa fundi mara mbili, mara ya tatu akamkubali kwa sababu alimshonea sketi bila kumpima na ikamkaa.

"Bila kukupima? Alijuaje?"

"Ndilo nililomuuliza. Akasema ana macho." Koplo alicheka mpaka akasimama. "Nikamwambia basi uyafumbe."

Katika siku hizo kumi na nne binti alimjua mama yake kuliko miaka yote ya nyuma. Walirudi nyumbani wanaongea bado, wanaingia ndani wanaongea, na chai inanywewa katikati ya hadithi.


Barua Koplo aliipeleka Jumatatu ya wiki ya tatu. Mkuu wa walinzi alikuwa katika kibanda cha geti na vijana watatu wa zamu.

"Mkuu, nina barua ya kliniki. Ni kuhusu lile jaribio."

"Una nini?"

Angeweza kusema shingo. Angeweza kusema homoni. Alisema lile neno alilopewa.

"Tezi."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko.

"Tezi!" mkuu alijishika kifua. "Koplo, pole sana mzee wangu. Haja ndogo inatoka vizuri lakini?"

"Shikamoo, Babu," alisema mmoja wa vijana, akainamisha kichwa.

"Si hiyo. Ni ya shingo," Koplo alisema, lakini sauti yake ilikuwa imekwaruza siku hiyo, ikatoka nzito kama ya mwanamume, wakacheka upya. Mkuu alikuwa bado anafuta machozi aliponyoosha mkono kupokea karatasi. Koplo alikuwa ameshairudisha kwenye mkoba.

"Ilete basi, nilikuwa nakutania."

"Hakuna shida, mkuu. Nitakimbia."

Kufika saa tisa, madereva wa malori walikuwa wameshaambiwa. "Babu, fungua geti," walisema, mmoja baada ya mwingine. Alifungua geti.

Nyumbani alimwambia mumewe kwamba barua imekataliwa. Huo ndio uongo wa kwanza aliowahi kumwambia, na aliusema akiwa amempa mgongo, anakunja nguo.

Fundi alisimama, akaingia ndani. Alirudi na filimbi aliyonunua zamani kwa ajili ya timu ya watoto wa mtaani.

"Basi tutaiamsha wenyewe," alisema.


Binti aliachwa nyumbani. "Nyinyi mkitembea mnapiga soga," baba yake alimwambia. "Kitu kilicholala hakiamshwi kwa soga. Kinatikiswa."

"Lakini sista alisema aongee."

"Sista havai sare ya ulinzi, mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Alimpenda mkewe na aliiogopa Ijumaa ile ya jaribio kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Uwanjani alisimama katikati ya duara na saa mkononi. Filimbi moja, kasi. Filimbi mbili, pole. Filimbi moja tena. Koplo alipojaribu kusema neno, alimpungia mkono: "Usiongee, Afande! Pumua!" Mzee mfagiaji alisimamisha ufagio akawatazama, akatikisa kichwa, akaendelea na majani yake.

Wiki ya kwanza ya filimbi Koplo alimaliza mizunguko minne. Wiki ya pili mitano. Fundi alimpima kiuno jioni ya Jumapili: inchi mbili zimeondoka. Aliipunguza suruali usiku huohuo kwa furaha, akawa anaimba.

"Na baridi siisikii tena," Koplo alimwambia. "Nasikia joto. Nadhani imeamka."

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hakuyataja. Usingizi ulimtoka, akawa analala macho wazi. Siku zake hazikuja mwezi ule. Mikono ilitetemeka, mumewe alipomwomba amtungie uzi kwenye sindano, alijaribu mara tano, akasingizia miwani. Na hakutaja kwamba nusu kidonge kilikuwa kimekuwa kizima tangu filimbi ilipoanza, kwamba wiki ya mwisho vilikuwa viwili. Alijipigia hesabu yake mwenyewe: kama nusu inaiamsha taratibu, na Ijumaa haisubiri, basi aongeze.

Jumanne asubuhi binti alimsaidia kufunga mkanda wa sare kwa nyuma. Alitulia ghafla, akaweka kiganja chote juu ya mgongo wa mama.

"Mama, moyo wako unakwenda kama cherehani ya Baba."

"Ndiko kuamka huko."

"Na mbona siku hizi huongei?"

Koplo alivaa kofia, akaiweka sawa mbele ya kioo.

"Natunza pumzi ya Ijumaa," alisema.


Daktari wa hospitali alisema ni moyo. Fundi alimuuliza ni dawa, ni mbio, au ni tezi yenyewe, akauliza mara tatu kwa maneno tofauti. Daktari alisema hawezi kukitenga kimoja. Vyote vilikuwa mle, alisema.

Baada ya mazishi fundi alifungua pakiti ya vidonge mezani, akapanga hesabu za siku kwa chaki kwenye ubao wa kukatia nguo. Vilitakiwa vibaki kumi na viwili. Kilikuwa kimoja. Alikaa akikitazama mpaka wageni wakamwona na kumtoa pale.

Siku ya nne mkuu wa walinzi alikuja na bahasha ya rambirambi. Alikaa pembeni ya kiti, kofia gotini. Alisema yale yanayosemwa. Kisha akakohoa.

"Fundi, mtaniwia radhi. Sare ni mali ya kampuni. Si mimi, ni utaratibu."

Fundi alikwenda kuzileta. Binti, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia chumbani akarudi na mkoba wa mama. Alifungua zipu ya mfuko wa ndani, akampa mkuu karatasi.

Mkuu alisoma. Ilikuwa barua ya mistari sita, lakini aliisoma kwa muda mrefu.

"Angeniletea hii," alisema mwishowe. "Fomu za kuahirisha zipo. Droo imejaa. Ningemjazia siku hiyohiyo."

"Alikuletea," binti alisema.

"Hakunipa mkononi."

"Ulimwita Babu. Ameniambia muuza mboga wa pale getini. Wote mlimwita."

"Ulikuwa utani, mwanangu. Kazini tunataniana."

Fundi alikuwa amesimama nyuma yao, sare zimekunjwa mikononi. Ndipo alipojua kwamba barua haikukataliwa. Mkuu aligeuka akamwona, akainuka nusu kama mtu anayetegemea kupigwa. Fundi alimpa nguo.

"Suruali nimeipunguza kiuno," alisema. "Mkimpa mwingine, ndani nimeacha kitambaa cha kutosha. Inaweza kufumuliwa." Alipumua. "Na filimbi ilikuwa yangu, mkuu. Kwa hiyo kunywa chai, uende."

Mkuu hakunywa chai.


Sasa ni mwezi wa tano tangu mazishi. Fundi anashona, na filimbi ameitupa chooni. Binti anatoka alfajiri, anatembea hadi kwenye nguzo na kurudi peke yake. Mzee mfagiaji anasema humsikia akiongea njiani, na kwamba wa kwanza kuwa na wasiwasi alikuwa yeye, lakini aliposikiliza vizuri akakuta mtoto anasimulia habari za mkurugenzi na mwavuli, anacheka panapochekesha.

Wiki iliyopita shule ilibadilisha mashati. Fundi alimsimamisha binti yake barazani ampime: mabega, kifua, mkono. Alipofika kwenye shingo alisoma futi kamba, akaisoma tena. Aliisogeza juu kidogo, akapima upya. Binti alikuwa anamwangalia.

"Imeongezeka?"

"Inchi moja. Tangu mwaka jana."

"Labda nimekua, Baba."

"Labda."

Alikuwa na chaki mkononi, na shati likiwa mezani, na kifungo cha juu kwenye kopo pamoja na vingine. Aliweka chaki chini. Aliifunika cherehani saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, wakaenda.

Kliniki dirishani kijana wa mapokezi aliuliza shida bila kuinua macho. Nyuma yao kulikuwa na foleni, wanaume wengi, wameegemea ukuta.

"Tezi," fundi alisema.

"Yako, mzee?"

Mtu mmoja nyuma aliguna kicheko.

"Ya binti yangu," fundi alisema kwa sauti, akageuka kidogo ili foleni nzima imsikie. "Iko shingoni. Kila mtu anayo. Mama yake alikuwa nayo."

Hakuna aliyecheka. Sista mwenye saa ya kiume alitoka ndani aliposikia sauti hiyo, akamwona binti, akamwekea vidole viwili kooni palepale kwenye korido. Alimwambia ameze mate. Akameza. Alimwambia arudie.

Walichukua damu. Majibu yanatoka Jumatatu. Shati bado halijawekwa kifungo cha juu.